Hesabu watoto wa mti kwanza: kuotesha miti ya asili sasa mvua zimebadilika

Kabla hujanunua kiriba hata kimoja, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche, nenda kasimame chini ya mti mkubwa wa asili ulio karibu na kwako, kisha angalia chini. Watu wengi wakitaka kujua hali ya msitu hutazama juu. Wakiona mti umesimama, majani yapo, hondohondo wanapiga kelele, wanarudi nyumbani wameridhika. Mimi nina kitalu huku vijiji vya juu vya Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tangu 2003, na kazi hii imenifundisha kwamba mti mkubwa hauuawi upesi na ukame. Mizizi yake imekwenda mbali, una akiba yake mwilini, utavumilia. Anayekufa ni mtoto. Mbegu inaota, inatoa majani manne, kiangazi kinaikuta, inakauka. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu mti hauzai kabisa. Mti wa miaka 100 unaweza kusimama miaka mingine 50 bila mrithi hata mmoja chini yake, na siku utakapoanguka ndipo tutasema mkonde-konde, mti wa asili wa msitu wetu, umetoweka hapa kijijini, kumbe ulitoweka zamani, sisi tukiupita kila siku kwenda kuchota maji.

Kwa hiyo nitakayoeleza hapa yanahusu utoto wa mti: jinsi ya kujua unakwama wapi, na jinsi ya kuuvusha. Mifano ni ya mlima wetu. Aliye Usambara, Upare au Taita atabadilisha majina ya miti, kazi ni ileile.

Kuhesabu

Simama kwenye shina. Tembea hatua 20 kuelekea kaskazini, urudi, kisha kusini, mashariki na magharibi. Kila upande hesabu miche ya mti huohuo peke yake, kwa mafungu matatu: iliyo chini ya goti, ya kutoka goti mpaka kifua, na iliyokwisha kumpita mtu kimo lakini shina lake bado unalizungusha kwa kiganja kimoja. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi kirefu, kwenye mti uleule.

Ukikuta miche tele chini ya goti mwezi Juni, na Oktoba imebaki mitatu, na fungu la kati halina kitu miaka nenda rudi, basi mbegu zinaota ila kiangazi kinazimaliza. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouma. Ukikuta hata fungu la chini ni sufuri, rudi nyuma zaidi: je, mti ulitoa maua? Maua yalishika matunda? Matunda yaliiva au yalidondoka yakiwa mabichi? Nimeona mikonde-konde ikichanua mvua isiyo na msimu wake inapopita, halafu jua kali linafuata na maua yote yanapukutika bila tunda. Ukikuta mafungu yote matatu yapo lakini kuna visiki vipya, tatizo lako ni panga, na panga halitibiwi kwa kupanda miche.

Ni muhimu kutofautisha, maana siku hizi kila kitu kikifa tunasema "hali ya hewa". Mche ulioliwa na mbuzi ncha yake imechanwa, ina nyuzinyuzi. Uliokatwa kwa panga una mkato wa mshazari, safi. Uliounguzwa na moto una weusi pale shina linapogusana na udongo. Uliokufa kwa kiu huanza kufa kutoka ncha kushuka chini, na majani yake ya kahawia yanabaki yameng'ang'ania tawi, hayadondoki. Chukua ukucha ukwaruze gome kidogo kidogo kuanzia juu. Ukifika mahali ndani ni kijani na pana unyevu, mche bado uko hai mpaka hapo, na ukiupa maji unaweza kuchipua tena. Usiung'oe. Watu wanang'oa miche iliyo hai kila mwaka kwa kukosa kukwaruza tu.

Kwa nini kiangazi cha sasa kinashinda

Ukipanda mlima, hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 0.6 za Selsiasi kila mita 100. Geuza hesabu hiyo. Joto likiongezeka nyuzi 1 tu, mti unaotaka ubaridi wake wa zamani inabidi uishi mita 170 hivi juu zaidi ya pale ulipo. Mti unahama kwa mbegu peke yake: ndege ameze tunda, aruke, adondoshe, mche uote, ukue, uzae, ndipo apatikane wa kupiga hatua nyingine. Kwa mti unaoanza kuzaa ukiwa na miaka 15 au 20, hatua moja ni ujana mzima wa mtu.

Na huko juu inakotakiwa kwenda kuna moto. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeufanyia utafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alionyesha mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto unaochochewa na ukavu umeuteremsha ukingo wa juu wa msitu kwa mamia ya mita mahali pengine. Oktoba 2020 sote tulikaa usiku tukiangalia mstari mwekundu juu ya mlima. Moto ule uliunguza kiasi cha kilomita za mraba 95. Chini nako kuna sisi wenyewe, mashamba na vihamba, yaani bustani zetu za migomba na kahawa, mpaka kwenye mpaka wa msitu. Ule ukanda wa Nusu Maili uliotengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na majani bila kuingia ndani, sehemu nyingi sasa umebaki jina. Mti wa asili umebanwa katikati, na ukanda wenyewe unazidi kuwa mwembamba.

Jambo la tatu ni ukungu. Wageni wanaokuja huku huuliza theluji, na ni kweli barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, hayategemei sana barafu ile. Mvua nyingi kuliko mahali pengine popote mlimani hunyesha katikati ya msitu, kwenye mita kama 2,200 upande huu wa kusini, na juu zaidi ya hapo miti inakamua ukungu. Ingia msituni Julai asubuhi, hakuna mvua hata tone, lakini shingo yako inalowa: kuvumwani na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi zinakusanya maji na kuyadondosha. Mche mdogo chini yake unaishi kwa matone hayo miezi ambayo mvua haipo. Nilipokuwa mtoto ukungu wa Julai ulikaa hapa kwetu mpaka tunatoka shule mchana. Sasa saa tatu asubuhi umeshapanda. Kwa mti mkubwa hilo si kitu. Kwa mche wenye mizizi ya urefu wa kidole, huo ndio uhai wake wa miezi mitatu.

Mbegu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhindwa hata kabla ya kuanza, na mimi nilishindwa hapo hapo.

Mwaka 2004 nilikusanya mbegu za mkonde-konde, nikazianika juani siku tatu kama mahindi, nikaziweka kwenye kopo, nikasubiri masika. Hazikuota hata moja. Mbegu za miti mingi ya msitu wa mvua hazikuumbwa kukaa ghalani. Ziliumbwa kudondoka kwenye majani yaliyooza, yenye unyevu, na kuota palepale. Ukizikausha umeziua. Hiyo pia ni sababu mojawapo kwa nini tabianchi inaipiga miti hii kuliko mingine. Mbegu ya mgunga inaweza kusubiri ardhini mwaka mzima mvua ikichelewa. Mbegu ya mkonde-konde haisubiri. Mvua ikikosea tarehe, kizazi cha mwaka huo kimekwenda.

Mkonde-konde wenyewe utaujua kwa gome lake jeusi lililopasukapasuka vipande vya mraba, na ukikwangua gome changa unasikia harufu ya lozi chungu. Ndio huo ambao magome yake yanatafutwa kwa dawa ya tezi dume, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995 kwa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa hiyo mti huu una maadui wawili kwa wakati mmoja, tabianchi na wachuna magome. Tunda lake ni dogo kama punje ya harage, pana kuliko urefu. Okota yanapogeuka kutoka kijani kwenda wekundu wa kahawia. Usingoje yawe meusi yaliyosinyaa. Tandika turubai chini ya mti asubuhi, maana ya usiku yameshaanza kushambuliwa na wadudu. Siku hiyo hiyo sugua nyama ya tunda kwa mchanga na maji, suuza, tandaza mbegu kivulini kwa saa chache mpaka ganda likauke maji ya juu tu.

Kisha chukua mbegu 10 bila kuchagua na wembe. Kata kila moja katikati. Ndani ikiwa kijani au nyeupe imara yenye unyevu, iko hai. Ikiwa kahawia, imesinyaa, au ina unga wa mdudu, imekufa. Ukipata 7 hai, panda. Ukipata 3, nenda kwenye mti mwingine kabla hujapoteza viriba vyako. Jaribio hili linachukua dakika tano na limeniokolea miezi mingi. Panda ndani ya siku chache, kwenye kitanda cha mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, funika kwa unene wa mbegu yenyewe, tandaza majani makavu juu, na uwe na subira. Wiki tatu mpaka nane.

Mringaringa ni mvumilivu zaidi. Matunda yake ya njano yana utomvu unaonata vidoleni mpaka jioni. Sugua kwa mchanga mkavu kwanza, ndipo uoshe. Miezi miwili hivi zinaota, usizikatie tamaa. Mfuruanje hushambuliwa na wadudu ndani ya maganda, kwa hiyo chuma maganda yakiwa yanaanza kukauka mtini, loweka mbegu usiku mmoja na tupa zote zilizoelea. Podo ni mgumu wa kuota na unahitaji zaidi ya mwaka kitaluni. Anza nao ukiwa umeshazoea mingine.

Mkulo, ambao sisi tunauita mseri, unahitaji njia nyingine kabisa. Hauzai kila mwaka, unaweza kupita miaka mingi kati ya msimu mmoja wa matunda na mwingine, na mbegu nyingi zinaharibiwa na wadudu zikiwa mtini. Mti wa namna hii ukitegemea mwaka mmoja mzuri katika miaka mingi, na mwaka huo ukaangukia kwenye ukame, hesabu yake ni ya kutisha. Lakini unachipua kutoka kwenye mizizi. Tafuta machipukizi au maotea (miche iliyojiotea) yenye kimo cha kiganja kwenye korongo la kihamba cha zamani, siku ya mvua, yang'oe na bonge la udongo, punguza kila jani nusu kwa mkasi, weka kwenye kiriba na ufunike kwa nailoni kivulini wiki tatu. Ndani ya hifadhi usichukue kitu bila kibali. Msitu wa akiba uliunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sheria yake inajulikana.

Neno moja la mwisho juu ya mbegu: usikusanye kwa mama mmoja. Najua mti ulio karibu na nyumba ndio rahisi. Lakini watoto wa mama mmoja wana nguvu moja na udhaifu mmoja, na kiangazi kikiwapata, kinawapata wote. Tafuta mama 10 au zaidi, waliopishana angalau hatua 100. Na hakikisha wawili watatu kati yao wanatoka chini zaidi ya hapo unapopandia, kwenye joto na ukavu zaidi. Mti uliozaliwa na kuzaa kwenye joto la huko unaweza kuwa umebeba kitu ambacho watoto wako watakihitaji miaka 30 ijayo. Mimi huchanganya theluthi moja ya mbegu za chini na theluthi mbili za hapahapa.

Kitaluni

Mche wa asili hauuzwi kwa urefu. Mnunuzi akija kitaluni anachagua mrefu, wenye majani laini, na huo ndio utakaokufa Agosti. Chagua mfupi, shina la unene wa penseli, lenye ugumu kidogo kama mti tayari. Tumia viriba virefu, inchi 8 kwenda chini, ili mzizi wa kati ushuke. Kila wiki tatu au nne nyanyua viriba ukate mizizi iliyotoboa kwenda ardhini, la sivyo siku ya kuhamisha utakata mizizi yote ya maana kwa mkupuo.

Wiki sita kabla ya kupanda, anza kuuzoesha mche shida. Punguza kivuli kidogo kidogo, ondoa makuti mstari mmoja kila baada ya siku chache. Kama ulikuwa unamwagilia kila siku, nenda siku mbili, kisha tatu. Majani yakilegea mchana na kusimama tena jioni, ni sawa, acha. Yakilegea mpaka asubuhi, umezidisha. Mche uliodekezwa kwa maji mpaka siku ya mwisho ukipelekwa shambani haujui kufunga majani yake jua linapowaka.

Siku ya kupanda

Usipande kwenye mvua ya kwanza. Wazee wetu walipanda mvua ya kwanza na walikuwa sahihi, kwa sababu ya kwanza ilifuatwa na ya pili. Sasa mvua inakuja mapema Machi siku mbili, inakata wiki tatu, na mche uliopandwa umeshafungua majani mapya. Fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unatolewa kabla ya masika na kabla ya vuli, lakini neno la mwisho waachie udongo wako. Chimba kwa mkono. Unyevu ukiishia kwenye kifundo, subiri. Ukifika kwenye kiwiko, panda kesho.

Na kuna mwisho pia. Mche unahitaji angalau wiki sita za mvua mbele yake. Huku kwetu likishapita juma la kwanza la Mei mimi sipandi, hata nikiletewa miche ya bure. Mwaka mmoja lilikuja kundi la wafadhili na gari la miche, zaidi ya 2,000, mwisho wa Mei, kwa kuwa ndiyo tarehe waliyokuwa wamepanga. Wanafunzi waliimba, picha zikapigwa, tukapanda mpaka jioni. Niliwaambia siku ile na sikusikilizwa. Oktoba nilipita na daftari langu: kati ya miche 200 niliyoikagua, 9 ilikuwa hai. Iliyoniumiza zaidi ni ile ambayo ilipandwa na viriba vyake, nailoni haikuvuliwa. Mzizi ulikuwa umejizungusha ndani kama kamba.

Kwa hiyo: shimo la futi 2 kwa 2, chimba mwezi mmoja kabla. Udongo wa juu weka upande wake, urudishe chini ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Vua kiriba. Panda usawa uleule uliokuwa kitaluni, kandamiza kwa mguu, kisha tengeneza kisahani chenye ukingo upande wa bondeni ili maji ya mvua yasikimbie. Tandaza majani makavu ya migomba unene wa kiganja kilichosimama, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, maana mchwa na uozo huanzia hapo. Pasua gogo la mgomba mara mbili, lilaze upande wa jua linakotokea mchana. Hilo gogo linatoa unyevu kwa wiki nyingi. Kwa watu wasio na maji ya kumwagilia ni msaada mkubwa kuliko wanavyodhani.

Mahali pa kupanda pia panategemea mti. Mseri na podo panda chini ya kivuli kilichopo tayari, chini ya mfuruanje au katikati ya migomba. Mringaringa unataka mwanga, na ukikua unaipa kahawa kivuli kizuri. Msesewe upeleke ukingoni mwa mto au mfongo, haukai mbali na maji. Ndiyo maana mifongo inapokauka unatangulia kupotea, na asiyejali misitu atajali siku atakapotafuta gome la kutia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, asilipate.

Kwenye chemchemi usipande mkaratusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelinda mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini hata isingekuwepo, ukiona mahali palipokuwa na tope kila siku pamekuwa vumbi miaka kumi baada ya mikaratusi kusimama, huhitaji kusomewa. Mgrivea sina ugomvi nao. Mwenye migrivea mipakani mwa kihamba ana kuni, ana mbao, na hana sababu ya kupandisha msituni na panga.

Kiangazi cha kwanza na cha pili

Hapa ndipo mti unapopona au kufa, na hapa ndipo karibu kila mtu ameshaondoka.

Kikombe cha maji kila jioni ni kibaya. Kinalowesha vidole viwili vya juu, mizizi inapanda kufuata maji hayo, na siku ukisafiri mche unakufa kwa siku nne. Mpe lita 5 mara moja kwa wiki, polepole, mpaka maji yashuke chini. Kama miche ni mingi na ndoo ni moja, tumia chupa ya lita moja na nusu: toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, izike kichwa chini pembeni ya mche mpaka nusu, jaza. Inadondosha taratibu moja kwa moja kwenye mizizi. Kwa miche 40 utahitaji kuzunguka mara mbili kwa wiki, na watoto wakirudi shule wanaiweza kazi hiyo.

Kiangazi cha pili punguza iwe mara moja kwa wiki mbili, na pale tu ambapo majani yamelegea asubuhi. Cha tatu uache mti ujitafutie. Huwa watu wananiuliza, "Mama, si ungeumwagilia tu mpaka ukue?" Hapana. Mti utakaoishi miaka 100 ya joto linalopanda lazima mizizi yake ijue kwenda chini ungali mdogo.

Agosti na Januari, kabla nyasi hazijakauka kabisa, fyeka barabara ya moto yenye upana wa hatua nne kuzunguka eneo la miche, na uchome takataka zako mahali pengine. Kama kuna warina asali wanaopanda kupitia kwako, zungumza nao mapema kwa heshima, maana ni watu wanaoujua msitu kuliko wengi wetu. Bomba la moshi lenye kifuniko halidondoshi cheche kama mwenge wa majani makavu, na mzinga ulioning'inizwa kihambani unamwondolea mtu safari nzima. Wawili niliozungumza nao wameleta mizinga yao hapa, kwenye mifuruanje yangu.

Endelea na daftari. Miche mingapi mwezi wa sita, mingapi mwezi wa kumi. Mti gani ulichanua lini. Ukungu ulipanda saa ngapi. Baada ya miaka mitano utakuwa na kumbukumbu ya mlima wako ambayo hakuna aliye mbali anayeweza kukuandikia, na utaanza kujua kupanga mbegu zako kwa jinsi miti yenyewe inavyobadilisha tarehe zake.

Mwaka 2007 nilipanda mkonde-konde mmoja nyuma ya kitalu, kwenye ule mwaka wa kwanza mbegu zangu zilipoota. Ulikauka ncha kiangazi cha kwanza, nikakwaruza, nikakuta kijani kuanzia nusu kwenda chini, nikaumwagilia. Una ule mpindo mpaka leo pale ulipochipulia upya. Mwaka 2024 umezaa kwa mara ya kwanza, matunda machache, upande wa mashariki tu. Nilitandika turubai asubuhi, siku hiyo hiyo nikaokota, nikasugua kwa mchanga, nikachukua 10 na wembe. Kijani zilikuwa 6.